Maharagwe Yaliyokataa Joto

Mama yangu alizaliwa juu, kwenye milima ya Lubero, ambako watu hujifunika mablanketi mazito na asubuhi ukungu huingia hadi jikoni. Mimi naishi Kisangani, ambako shuka moja tu ni adhabu. Vita vilipokaribia kijiji chao, alihamia kwangu na nguo chache na mfuko wa mbegu: maharagwe ya madoadoa, yale yanayopanda mitini na kuvumilia baridi na mvua ya mawe. Nilimwuliza kama alidhani huku watu hawali. Alizimimina kwenye kopo la majivu, akalisukuma chini ya kitanda.

Kwao, maharagwe ya mbegu hayaguswi. Hutengwa kabla ya chungu cha kwanza kuinjikwa, yakachanganywa na majivu ili wadudu wasiyatoboe. Hata njaa ikiuma namna gani, mtu atakula majani, ataomba kwa jirani, lakini ya mbegu atayaacha. Haya yalitoka kwa bibi yake, yakafika kwa mama yake, kisha kwake na kwa kaka yake, tonton wangu, aliyekataa kuhama.

Alipanda nyuma ya nyumba. Yalipanda vijiti vizuri, yakatoa maua mengi, kisha maua yote yakaanguka chini. Akapanda tena, yakaanguka tena. Maharagwe ya mlimani hutaka usiku wa baridi ndipo yafunge maganda, na usiku wa huku hubaki na joto lote la mchana. Jirani yetu, muuza samaki, alikuja kutazama.

“Mama, maua iko mingi,” alisema, “lakini madesu, maharagwe yenyewe, iko wapi?”

Mama akamwomba barafu iliyobaki sokoni. Nilidhani anatania. Jioni alichuchumaa akiivunja na kuipanga kwenye mashina, na asubuhi mizizi ilikuwa imelowa tope la uvuguvugu lenye harufu ya samaki.

“Barafu iko ya samaki, mama,” jirani alimwambia kwa upole. “Huku panda muhogo, utakula pondu, majani yake.”

Mimi sikuwa na upole huo. Nilikasirika, nikamwambia mama aache kutufanya tuchekwe mtaani. Alinitazama kana kwamba mimi ni mgeni, akaendelea kupalilia.

Kisha tonton akapiga simu. Yeye na majirani zake walikuwa wamekimbia, nyumba imeporwa, na mbegu zake zimekwenda na vingine vyote.

“Yako iko?” aliuliza.

“Iko,” mama alisema.

“Bon. Uichunge, dada. Siku tutarudia, njo ile tutapanda.” Njo ni ndiyo ya kwao.

Tangu siku hiyo sikumcheka tena. Mbegu yote ya ukoo ilikuwa imebaki kwenye kopo moja chini ya kitanda cha mama, na kila alipopanda ilipungua. Angeacha kupanda, ingezeeka humo humo, maana maharagwe hayakai miaka mingi, tena katika unyevu wa mji huu. Nilimwona akilifungua kopo, akiyashika, akilifunga. Alianza kukonda. Daktari hakuona ugonjwa, na mimi sikushangaa.

Tonton alifika mwaka huu, kwa lori, amechoka hadi sauti imekauka. Tulimkalisha, tukampa maji. Mama hakumwuliza habari za safari. Alimwuliza nani anatunza shamba.

“Kule hakuna mutu tena,” alisema. “Wote walitoka. Mimi pia sitarudia, dada. Nimezeeka.”

Mama akaenda chumbani, akarudi na kopo, akapepeta majivu, akaosha maharagwe, akayatia chunguni.

“Mama, hiyo ni mbegu,” nilisema.

“Kaka yangu iko na njaa.”

Yalichukua muda mrefu kuiva. Nilikaa jikoni nikilia waziwazi, naye akichochea moto. Alipoweka sahani mezani, tonton alichota kijiko kimoja, akatazama, akakirudisha.

“Dada, hii njo ile?”

“Njo ile. Kula.”

Tulikula sote watatu. Nilitamani yawe machungu, au yawe yameoza, ili tuyamwage na tumalize. Yalikuwa matamu kuliko maharagwe yoyote niliyowahi kula katika mji huu, na hatukubakiza hata moja.