Siku Mdenmark Alipompita Bibi

Sebule ya bibi yangu, tuliyeishi naye hapa Ansab katika nchi ya Waarabu, ilikuwa na harufu tatu: ubani, kahawa ya hiliki, na vumbi lililoungua nyuma ya runinga kubwa ambayo siku ya Ijumaa haikupumzika. Tukishakula cha mchana, ukoo mzima ulijimwaga juu ya mazulia kutazama filamu, na Bibi ndiye aliyekuwa serikali. Alikaa na rimoti mkononi. Watu wawili wakikaribiana nyuso tu kwenye skrini, kidole chake kilishuka, picha ikaanza kukimbia, naye akavuta "Astaghfirullah" mpaka hatari ikapita. Nilifika miaka kumi na mmoja nikiwa nimeyaona mapenzi yote ya dunia yakienda mbio.

Mwaka huo Ami Salim, mdogo wake Baba, alirudi kutoka Denmark alikokwenda kusomea mitambo ya meli. Wenziwe walirudi na makoti; yeye alirudi na mfuko wa filamu za mwongozaji mmoja wa huko, na akili imemruka. Kila akitoka kazini kwake, mtaa wa Wattaya, alitusomesha habari za mtu huyo. Eti aliwahi kukataa kamera isimamishwe juu ya miguu yake, akataka ibebwe mkononi, picha itikisike kama inapigwa na mtu anayekimbizwa. Eti alizikataa taa za studio na muziki wa kubembeleza machozi. Na kila akitoa filamu, nusu ya watu hupiga makofi na nusu hutoka ukumbini wamevimba kwa hasira. "Huyu hatengenezi filamu upumzike," Ami alisema. "Anataka ukose raha." Bibi akamuuliza, "Na hiyo raha imekukosea nini, mwanangu?" Tulicheka sana, na Ijumaa iliyofuata Ami akaruhusiwa kuweka moja.

Nilipigwa na bumbuwazi tangu mwanzo. Nyumba za kijiji cha filamu ile hazikuwa na kuta. Milango ilisimama peke yake katika ukumbi mtupu, na watu waliifungua na kuifunga kwa adabu zote. Mwanamke mmoja msafiri alifika hapo, daraja la mbele likawa limevunjika, wanakijiji wakamkaribisha angoje litengenezwe. Watu wema, wenye kusali. Mmoja akamuomba amuangalizie mtoto, mwingine amsaidie kufua. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Ami alininong'oneza. Hapakuwa na busu wala kukumbatiana, kwa hivyo Bibi akaiweka rimoti kando ya kikombe chake. Ndivyo yule Mdenmark alivyompita. Kazi ziliongezeka, chakula kikapungua, na hakuna aliyegusa tena lile daraja, maana mgeni alikwisha kuwa na faida. Na kwa kuwa kuta hazikuwapo, tuliwaona majirani wakinywa supu huku yeye akilia hatua tatu kutoka mezani kwao. Bibi alipoikumbuka rimoti, hakupeleka picha mbele, aliizima kabisa.

"Wanaadamu gani hawa?" alisema. "Salim, huyu mtu wako hana haya! Usinletee tena laana hii nyumbani kwangu!"

Mlangoni alikuwa amesimama Eunice na sinia la vikombe. Eunice alikuwa Mkenya, mfanyakazi wetu wa ndani, aliyekuja nikiwa na miaka mitano. Kwao alimwacha kwa mama yake binti wa umri wangu. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Hapana aliyepata kumpigia kelele nyumbani petu, na kila Krismasi Bibi alimnunulia kitambaa. Likizo tu ndiyo iliyokuwa ikisogezwa: kwanza ipite harusi ya shangazi, kisha Idi, kisha Baba apone mgongo. Pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa Baba, isije ikapotea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililouma halikuwa letu, na mimi nilikuwa sijawahi hata kuuliza jina la mtoto wake.

Kesho yake alasiri, mimi na binti ami yangu Nasra tulipanda juu ya paa, lile paa bapa la kuanikia nguo, tukaichora nyumba yetu kwa chaki. Tulitaka kuigiza ile filamu kwa siri. Nasra ni mtu wa kupenda usahihi. Alishuka akapima kila chumba kwa nyayo zake, akarudi kukichora vile vile. Eunice alipokuja kuanua nguo tukamtaka aigize. Alicheka, akaweka kapu chini, akafungua milango isiyokuwapo na kupita jikoni mpaka stoo, palipokaa magunia ya mchele na friza. Nasra alikuwa ameichora friza, na magunia pia. "Haya, hapa ndio kwangu," Eunice akasema, akajilaza. Miguu yake ilitoka nje ya chaki mpaka karibu na magoti.

Bibi alikuwa pale pale, amekuja kugeuza ndimu zake alizoanika. "Mmekosea kupima," alituambia.

"Hatukukosea, Bibi. Tumehesabu."

"Hawajakosea, Mama," Eunice alisema bila kuinuka. "Mimi huwa najikunja tu."

Bibi alikaa kitako juu ya saruji ile ya moto. Sikuwahi kumwona amekaa chini bila zulia. Nyani haoni kundule, na jana yake tu alikuwa amewalaani wale wanakijiji.

"Miaka mingapi sasa, Eunice?"

"Sita, Mama. Msichana wangu nilimwacha akiwa na miaka mitano."

Bibi alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Tulimsikia Baba akisema tungoje kwanza Ramadhani ipite. "Khalas, basi!" Bibi alipiga kelele ambayo sijaisikia tena maishani mwangu. "Lete pasipoti ya watu. Nnaitaka sasa hivi!"

Wiki ile ile Eunice aliondoka. Siku tatu baadaye alipiga simu. Alimwambia Bibi kwamba amefika salama, na kwamba binti yake amempa mkono, akamwita shangazi, kisha akarudi kusimama nyuma ya nyanya yake.

Filamu za yule Mdenmark nimeshazitazama karibu zote, na hakuna anayenishikia rimoti. Rafiki zangu huniuliza ninastahimili vipi ukatili wake. Huwaambia nimekulia katika kijiji kile kisicho na kuta. Nyumba mpya za hapa Ansab huchorwa na chumba cha mfanyakazi chenye dirisha, nasi tunajisifu kwamba mambo yamebadilika. Huenda yamebadilika. Juzi nilirudi kutoka safari ya kazi ya siku nne, na binti yangu akanirukia shingoni hata viatu sijavua. Nilishindwa kumwachia. Ana miaka mitano, kama aliyokuwa nayo yule mtoto wa Eunice alipoachwa, na sisi tuliokaa na Eunice miaka sita hatukuwa watu wabaya.