Nguzo Kati Yangu na Mama Mkwe

Niseme mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kuwasimulia akaongeza chumvi: yule mwanamume aliyepigiwa vigelegele katikati ya hoteli mjini Bukoba, mchana kweupe, mdomo umejaa samaki, wakati harusi si yake wala si ya mtu yeyote anayemjua, ni mimi. Watu wawili wa kijijini kwetu Izigo walikuwemo hotelini siku ile, kwa hiyo kukana hakutanisaidia.

Mimi ni fundi wa redio na umeme wa jua. Shule niliishia darasa la saba, mengine yote nimejifunza kwenye vitabu vya mitumba, ukurasa kwa ukurasa, na nina tabia moja ambayo mke wangu huiita ugonjwa: sifanyi jambo kabla sijalipima na kuliandika. Tabia hiyo imenilisha miaka mingi, na siku ile ndiyo iliyoniangusha.

Mama mkwe wangu, Ma Domitila wa Nshamba, tumeheshimiana kwa miaka ishirini na miwili. Kwetu, kwa wale wanaoshika ya zamani, mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe naye hali mbele ya mkwe. Akija kwangu Izigo, mimi nachukua sahani yangu naenda kulia karakanani katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, na yeye anapelekewa chakula chumba cha nyuma. Miaka ya karibuni ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga macho yote mawili, hata ningekula nimekaa mbele yake asingeniona, lakini heshima haitegemei kuonwa (hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na nilijiona mtu mwenye msimamo).

Mwaka huu akafanyiwa upasuaji, bandeji zikatolewa, macho yakafunguka. Jambo la kwanza alilosema akiwa bado amekaa kitandani ni kwamba anataka kwenda mahali penye meza na vitambaa, aone watu wanavyokula. Mke wangu, Mama Koku, akanifuata karakanani, akasimama mlangoni mpaka nikazima chuma cha kuunganishia waya.

"Baba Koku, mama yangu hajawahi kukaa meza moja na mimi, wewe na watoto. Hata siku moja. Nataka siku hiyo moja, umri wake unauona."

Nikamwahidi: meza moja, sote. Alifurahi sana, na mimi sikuwa na namna ya kurudi nyuma.

Hapo ndipo ningeweza kumwendea mama mkwe nikamuuliza kwa sentensi moja tu kama ataona vibaya nikila mbele yake. Sikuuliza. Niliona kuuliza ni kumtia aibu. Nikachukua futi ya chuma, daftari na faili langu la ngozi, nikapanda gari kwenda Bukoba siku tatu kabla ya siku yenyewe, nikaingia kwenye hoteli moja upande wa ziwani, nikaomba ruhusa ya kupima.

Ukumbi wao una nguzo nene katikati, sentimita arobaini na tano kila upande. Nikapima urefu wa meza, nikapima kimo cha mtu aliyekaa (nilimwomba mhudumu akae, akakaa huku akiniangalia kama mtu wa kodi), nikachora mistari ya macho kutoka kiti hadi kiti. Jibu likapatikana. Meza mbili zikiunganishwa kuipita nguzo, mama mkwe akakaa kiti A na mimi kiti B, nguzo inasimama sawasawa kati yetu. Kitaalamu ni meza moja, na kitaalamu hatuonani. Nilirudi Izigo nikipiga mluzi.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa sita: mama mkwe, mke wangu, binti yetu Koku aliyekuwa likizo kutoka chuoni, mdogo wake Rwegasira, mimi, na rafiki yangu Ta Felisiani (Ta kwetu ni kama Bwana), ambaye gari lililotuleta ni lake na mdomo wake hauna breki. Mama mkwe alivaa gauni lake la Pasaka. Alipoingia ukumbini alisimama, akaangalia vitambaa, akaangalia glasi, akaangalia ziwa kupitia dirishani, akasema taratibu, "Kumbe vyote hivi vilikuwepo." Mke wangu akageuka pembeni kufuta uso.

Nikawaketisha mmoja mmoja kwa kufuata mchoro. Kiti A, kiti B. Nguzo ikatusimamia. Sato wa kukaanga na ndizi vikaja, nikanawa, nikamega tonge la kwanza kwa amani.

"Jua linanichoma jicho," nikasikia sauti ya mama mkwe. "Koku, nisogezee kiti huku."

Nikaona bega la gauni la Pasaka likitokeza kulia mwa nguzo. Nikateleza na sahani yangu kwenda kushoto. Kabla sijakaa vizuri, mama mkwe akasema kwamba huku alipo hamuoni Rwegasira, na kuna miaka hajamwona Rwegasira akila, kwa hiyo akasogezwa tena, nami nikarudi kulia. Mara ya tatu alitaka kuona mtumbwi uliokuwa ukipita ziwani. Mara ya nne nadhani alitaka kuniona mimi.

"Ta Anatoli," akaniambia Ta Felisiani, na hakushusha sauti, "unaizunguka hiyo nguzo kama mbuzi aliyefungwa kamba. Utamaliza majani."

"Baba Koku, kaa chini," akanong'ona mke wangu.

"Nakaa," nikasema, na nilikuwa naondoka.

Nyuma kidogo palikuwa na chungu kikubwa cha maua, na nyuma ya maua palikuwa na meza yenye watu watatu wazima waliovaa vizuri: mzee mwenye kofia nyeupe, mke wake, na mama mmoja mnene mwenye khanga mpya. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Nikahesabu kwamba dakika kumi zinatosha kumaliza samaki, kisha nirudi kwenye familia yangu nikiwa nimeshiba na bila deni la heshima. Nikabeba sahani mkono mmoja, faili kwapani (lilikuwa na mchoro, nisingeweza kuliacha mezani likaonwa), nikawaendea.

"Samahani wazee wangu, naomba nikae hapa kidogo."

"Karibu, karibu sana," akasema mzee. "Tulikuwa tunakusubiri."

Nikajisemea, hawa watakuwa watu wa Bilele, watu wa mjini, ukarimu wao una maneno matamu. Nikakaa.

"Wewe ndiye wa kutoka Muleba?"

Izigo iko Muleba. Mimi ni mtu wa kujibu swali kama lilivyoulizwa. "Ndiyo mzee, natoka Muleba."

Wakaangaliana, wakaangalia faili, wakatabasamu wote watatu kwa pamoja. Yule mama mwenye khanga akasema kwamba yeye ni shangazi, na kwamba kwa kuniona tu ameshajua upande wetu ni watu wa utaratibu. Nikashukuru. Nilikuwa nachungulia kati ya majani kuhakikisha mama mkwe bado ametazama ziwani, kwa hiyo nusu ya maneno yao yalinipita, lakini nilitikisa kichwa kila walipotulia, kwa adabu. Nikajaza mdomo tonge kubwa la ndizi na samaki ili nimalize haraka. Ndani yake mlikuwa na mwiba.

Mzee akajiweka sawa kwenye kiti, sauti yake ikabadilika, ikawa ya kikao.

"Basi tusizunguke. Sisi binti tumemuuliza, ameridhia. Tunataka kusikia kwa mdomo wako: upande wenu mmeridhia?"

Mwiba ulikuwa umesimama kooni, mahali ambapo ukimeza unaingia na ukitema unamtia aibu mzee wa watu. Sikuwa na njia nyingine. Nikatikisa kichwa, ndiyo, mara mbili, macho yananitoka machozi.

"Angalia, mpaka analia kwa furaha," akasema mke wa mzee.

Na shangazi akasimama, akarusha mkono, akapiga vigelegele ambavyo naamini vilisikika hadi sokoni. Mzee akanishika mkono akaninyanyua, akatangaza kwa ukumbi mzima kwamba leo wamepata wakwe. Meza za jirani zikapiga makofi. Watu wanapenda harusi. Mtu akatoa simu akaanza kurekodi. Mimi nimesimama, shavu moja limevimba ndizi, na mbele yangu, kwa kuwa kusimama kulikuwa kumenitoa nyuma ya maua, ametulia Ma Domitila wa Nshamba ananitazama kwa macho mapya.

Alisimama. Alikuja bila kushikwa mkono na mtu. Makofi yakakatika, maana hata wasiojua kitu walijua kuna kitu.

"Huyu ni mkwe wangu," akamwambia mzee.

"Alhamdulillahi, mama, na sisi leo tumempata," akajibu mzee kwa uchangamfu wote.

Mama mkwe akamgeukia mke wangu aliyekuwa amemfuata nyuma, akaanza kwa neno letu la heshima. "Waitu mwanangu. Miaka ishirini na miwili hali kwetu. Kumbe ana kwingine anakokula."

"Baba Koku, sema kitu," akasema mke wangu. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa nyembamba namna ile.

Nikataka kusema. Nikanyoosha kidole kwenye koo. Ta Felisiani, rafiki yangu wa tangu utotoni, mtu pekee ambaye angeweza kunieleza, alikuwa ameinamisha kichwa mezani na mabega yanaruka kwa kicheko. Ni Koku aliyekuja na tonge la ndizi tupu, akasema, "Baba, meza hili zima zima," nikalimeza, mwiba ukashuka nalo, na pumzi ikarudi.

Kabla sijafungua mdomo, mlangoni akatokea mwanamume wa makamo, koti la kijivu, faili mkononi, jasho usoni. Akauliza kwa sauti ni meza ipi ya wazee wa bibi harusi, akaomba radhi kwamba gari liliharibika njiani, yeye ndiye mshenga kutoka Muleba.

Mzee akamtazama. Akanitazama. "Na wewe je, ni nani?"

"Mimi ni fundi wa redio," nikasema. Ndilo jibu sahihi lililonijia.

Mzee alikuwa wa kwanza kucheka, Mungu ambariki, alicheka mpaka kofia ikahama. Shangazi aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni, akasema, "Basi vile vya kwanza baki navyo, baba. Huyu nitampigia vingine." Na kweli akavipiga.

Lakini mke wangu hakucheka. "Uliniahidi meza moja," alisema, akarudi kukaa, akakunja kitambaa cha mezani mara nne.

Mama mkwe akataka kujua kwa nini niliondoka. Nikampa faili. Yeye hasomi, akampa Koku, na Koku akasoma kwa sauti, mbele ya Ta Felisiani ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata pumzi: kiti A, Bibi. Kiti B, Baba. Nguzo, sentimita arobaini na tano. Mstari wa macho umezibwa.

"Ulikuja mpaka huku ukapima," akasema mama mkwe, "ili nisikuone ukila."

"Ndiyo, Mama. Kwa heshima."

"Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza, Mama."

Akalichukua faili kwa Koku, akalifunga. Kisha akasema, "Nyumbani kwako mimi hupelekewa chakula nyuma baada ya wewe kupakuliwa na kuondoka. Miaka ishirini na miwili nakula ndizi zilizopoa. Unadhani nazipenda? Nilikuwa naona nikisema, mkwe ataona sina adabu." Akavuta kiti kilichokuwa mkabala na chake, akakipiga kofi. "Kaa hapa. Kula nikuone."

Nikakaa. Nikamega kidogo, nikala huku nimeinamisha kichwa. Yeye naye akamega, naye ameinama. Tukaendelea hivyo kama wezi wawili, mpaka Rwegasira akauliza kwa nini Bibi na Baba wanasali katikati ya chakula, na hapo tukainua macho kwa pamoja. Mke wangu akasema anakwenda kunawa mikono. Alikaa huko muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji, na aliporudi akaagiza samaki mwingine.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti: linalomhusu mtu aliye hai, nitamuuliza yeye kwanza. Silisemi kwa ushujaa, kwa sababu lina hasara zake. Jumapili iliyopita Ma Domitila alikuja Izigo, tukakaa sote mezani, sufuria likafunuliwa likitoa moshi, na kabla sijanyoosha mkono alichukua kichwa cha samaki, kile ambacho kule karakanani kilikuwa changu peke yangu, akakivunja kwa furaha. Nikamuuliza kama anakipenda. Akasema amekuwa akikitafuta miaka ishirini na miwili.