Sindano Iliyokataa Kupanda

Mume wangu Ansere alikuwa mpiga pembe wa chifu wetu huku Mampong. Akipuliza, mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba. Watu walimsifu yeye. Mimi nilikuwa tu mtwanga fufu, ule ugali wake wa mihogo na ndizi.

Alipoanza kujikwaa kwenye vigoda nilimpeleka kliniki ya macho. Dada yake, Birago, akafuatana nasi, maana kwetu mwanamume ni wa dada zake, mke ni mgeni. Muuguzi alimlaza, akamtia dawa ya ganzi, akasimamisha juu ya jicho kipimo kidogo cha chuma chenye sindano. Sindano ikatikisika kidogo, ikatulia palepale chini.

"Haijapanda!" Birago akapiga makofi. "Kaka yangu mzima kabisa!" Akatoka mbio kupeleka habari nyumbani.

Muuguzi akatikisa kichwa. "Mama, jicho zima hubonyea chini ya chuma, ndipo sindano inapanda. La huyu limekuwa gumu. Presha imezidi. Atumie matone kila siku, na pembe aiache, kupuliza vile kunaongeza."

Ansere alisikia kila neno.

Tulipofika nyumbani, mvinyo ulishamwagwa chini kwa mizimu na watu wanacheza. Nikaeleza. Birago akaangua kicheko.

"Wifi, jina lako tu huwezi kuliandika, leo umejua kusoma sindano?"

"Amesema muuguzi, si mimi."

"Sema unaionea wivu pembe! Unataka mwanamume akae jikoni akupulizie moto."

Wakacheka wote. Nikamtazama Ansere. Neno lake moja lingetosha.

"Dufie," akasema, "usiniaibishe mbele ya watu."

Nilimtia matone kila asubuhi, kwa kujificha, hadi Birago alipoyakuta akasema namroga. Wakaninyunyizia udongo mweupe, ndiyo talaka ya kwetu, ndoa ikaisha, nikarudi kwa mama yangu.

Ansere akaendelea kupuliza, msiba huu na ule, mpaka giza likamfunika.

Juzi alikuja mlangoni kwangu, Birago amemshika mkono.

"Dufie, siku ile sindano ilisimama wapi?"

"Chini. Na muuguzi ulimsikia."

"Nilimsikia. Yale matone, hukubakiza?"

"Muulize dada yako. Aliyamwaga chooni."

Birago akainamisha macho yake mazima. Sikumkaribisha. Nilileta kigoda kimoja, nikauongoza mkono wa Ansere mpaka akakigusa.