Safari Hii Mwahija Ataukalia Mkeka Wake

KILWA KIVINJE, 1934. Sala ya adhuhuri imekwisha. Mwahija binti Likwata ameketi kwenye sakafu ya udongo, mguu mmoja ameunyoosha, anaunga kwa uzi ukili kwa ukili, tepe ndefu za ukindu uliosukwa. Macho yapo kwa mgeni aliyekuja kumhoji, vidole vinakwenda vyenyewe. Mkeka wa ukindu mwekundu na mweusi unazidi kutanuka, na anayetazama hana la kufanya ila kustaajabu.

Harusi nyingi za waungwana mjini hapa hutandikwa mikeka yake. Yeye mwenyewe hajawahi kukalia hata mmoja.

Mama yake aliletwa pwani akiwa mtoto, akawa mjakazi. Serikali ilipiga marufuku utumwa miaka kumi na miwili iliyopita, lakini desturi imebaki palepale. Harusini, wanawake wa asili yake hupika, kisha hula sakafuni karibu na jiko.

"Nilikuwa nautandika, naulainisha kwa kiganja, narudi jikoni," anasema. "Nikidhani ndivyo dunia ilivyoumbwa."

Mkeka huu ni wa Ijumaa, anapoolewa binti yake, Kibibi. Juzi alifika Abdurahmani, mtoto wa mabwana waliommiliki mama yake Mwahija, akasema yeye ndiye atakayemwozesha, kama baba yake alivyowaozesha watumwa wa nyumba yao. Vinginevyo wanawake wa kwao hawatakanyaga harusini.

Mwahija alimkaribisha kahawa, kisha akamjibu.

"Nilimwambia, 'Bwana, Kibibi ana baba yake, yu hai. Na kabla ya baba, ameulizwa mwenyewe, kakubali. Mimi na wewe tulipokewa na mkunga mmoja. Mama yako alikuwapo nilipozaliwa. Muulize kama nilitoka na alama ya mwenye mali mwilini. Mola hakuniumba mali ya mtu.'"

Abdurahmani aliondoka, kahawa ikabaki kikombeni.

Mumewe Mwahija, Tawakali, mkulima wa muhogo, hafichi kwamba aliogopa. "Mimi ningesema ndiyo, bwana," anacheka. "Huyu mwanamke ananitisha."

Mwandishi wa habari hizi alimwomba Mwahija arudie jibu lake, aliandike neno kwa neno.

Mkeka umeshatosha watu wa nyumbani, lakini Mwahija anachukua ukili mwingine. Anaulizwa wa nini.

"Wa Bi Mwanaheri, mama yake Abdurahmani. Natumaini atakuja, hata mwanawe akikataa. Ana magoti mabovu, nataka akae hapa, ubavuni pangu." Anavuta uzi, anaukaza. "Sakafu ina baridi. Mimi naijua."