Delphia Stidham auza mashine, arudi na banjo lake

Saa kumi na moja alfajiri Delphia Stidham ana unga hadi kwenye viwiko. Yuko nyuma ya kaunta ya kituo cha mafuta cha Tansy Branch, mashariki mwa Kentucky, anakata vimkate vya siagi kwa mdomo wa kopo na kuvipanga kwenye sinia. Mguu wake wa kulia haujatulia hata kidogo tangu taa ziwashwe.

"Jumamosi ndiyo hiyo, Delphia," anasema Wendell, dereva wa lori la mbao, akisubiri vimkate vyake na mchuzi mzito wa soseji. "Mnakuja na umeme au mnakuja kama watu?"

"Tunakuja kama watu, kaka. Wewe vaa viatu vya maana."

"Nitavaa. Lakini gari naegesha karibu na mlango, huwezi jua."

Foleni nzima inacheka. Delphia naye anacheka, huku akimtupia Wendell kibonge cha unga kifuani. Hakuna mtu kwenye foleni hiyo asiyejua Wendell anazungumzia nini, na hakuna anayejua vizuri zaidi ya Delphia mwenyewe.

Mama huyu wa miaka arobaini na mitatu ndiye kiongozi wa bendi ya Tansy Branch. Yeye anapiga banjo na kuimba, mdogo wake Coy anapiga gitaa, na Nell Amburgey, binti wa bonde la jirani, anapiga fidla. Bendi hii iliwahi kuvuma, tena si kidogo. Wimbo wao mmoja ulitumika kwenye televisheni kutangaza magodoro, na mpaka leo watoto wa hapa wakimwona Delphia barabarani hujilaza chini wakakoroma.

"Nimewazoea," anasema. "Kuna mmoja anakoroma vizuri kweli, nilitaka kumwajiri."

Walianza na nyimbo za kienyeji za milimani, zile ambazo wauza santuri huziita Amerikana: banjo, fidla, gitaa kavu na sauti tatu. Kisha mtayarishaji mmoja wa mjini akawaambia muziki huo ni mwembamba, waunenepeshe. Wakaongeza kinanda cha umeme. Wakaongeza mashine ya ngoma. Mwishowe kila mmoja akawa anavaa kidude masikioni kinachomhesabia mapigo, kinachomwambia aanze lini na amalize lini.

"Nilikuwa napanda jukwaani kama mtu anayesindikizwa na polisi," anasema Coy. "Huruhusiwi hata kukohoa nje ya mapigo."

Pesa iliingia, asikudanganye mtu. Delphia alitengeneza paa la nyumba ya mama yake na kununua gari la bendi. Lakini miaka sita iliyopita walipata mwaliko wa kupiga nyumbani, kwenye dansi ya Jumamosi katika shule ya zamani ya Tansy Branch, na ndipo mambo yalipoharibika.

Dansi ya hapa ni ya watu wanane wanane, wanaume na wanawake, wakizunguka na kubadilishana mikono kama anavyowaelekeza mwongoza dansi kwa sauti. Mashine ya ngoma haikulijua hilo. Mzee mnene akichelewa kugeuka, mashine inaendelea. Akina mama wakikosea mkono na kucheka, mashine inaendelea. Miduara ikavunjika mmoja baada ya mwingine, na watu wakaanza kutoka nje wawili watatu, kwa heshima zote, wakisema wanapunga upepo.

Huko nje mtu mmoja akatoa fidla kwenye gari lake. Watu wakacheza juu ya kokoto.

"Nilikuwa naimba huku natazama dirishani," anasimulia Delphia. "Nikamwona mama yangu. Alikuwa na sweta lake jekundu, anacheza huko nje na watu. Mama yangu mzazi! Mimi ndani naimbia viti."

Kwa nini hakuacha kuimba?

"Mashine ilikuwa haijamaliza," anasema, na hapo hacheki.

Hawakualikwa tena. Mama na binti hawakugombana, maana huku watu hawagombani kwa ajili ya muziki, wananyamaza tu. Bi Ocie Stidham aliendelea kula chakula cha Jumapili kwa binti yake na kumsifia maharage. Kuhusu bendi hakusema neno.

Kilichowarudisha kwenye muziki usio na umeme ni umeme wenyewe. Miaka miwili iliyopita, wakiwa katikati ya onyesho kwenye ukumbi mmoja mjini, umeme ulikatika. Mashine zikazima, masikio yakawa kimya, na watu watatu wenye banjo, gitaa na fidla mikononi wakabaki wameduwaa.

"Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, 'Piga tu, dada, si unalo hilo banjo!'" anasema Delphia. "Na mimi sikuweza. Sikujua wimbo wangu mwenyewe unaanzia wapi. Nililia ndani ya gari mpaka Coy akanikatalia kuendesha."

Wiki hiyo hiyo waliuza mashine zote. Delphia akarudi kukata vimkate alfajiri, kazi aliyoifanya akiwa msichana, sasa kwa dola kumi na mbili kwa saa, na mchana wakawa wanakutana jikoni kwake kujifunza upya.

Jikoni hapo ni vituko. Waliamua watapiga kwa kipaza sauti kimoja tu, kama bendi za zamani, ambapo anayeimba anasogea mbele na wengine wanarudi nyuma, na hakuna fundi wa kuwapandisha wala kuwashusha sauti. Kwa kuwa hawakuwa na kipaza sauti, walining'iniza mwiko darini. Mwandishi wa makala haya aliwashuhudia siku moja wakiuzunguka mwiko huo. Nell alisogea wakati Coy hajarudi nyuma, na upinde wa fidla ukaingia sikioni mwa Coy.

"Dada, huyu ataniua!"

"Si urudi nyuma! Mwili wote huo umeusimamisha mlangoni!" akajibu Nell, na wimbo ukaishia hapo, katika kicheko.

Wimbo kuishia katika kicheko ilikuwa kawaida yao, na hilo lilikuja kuwagharimu. Hakuna aliyeliona wakati huo.

Mwezi uliopita Delphia alijikaza akaenda mwenyewe kwa Arbie Honeycutt, tarishi mstaafu anayeongoza dansi za Tansy Branch. Arbie si mtu wa kubembeleza. Alimpokea barazani bila kumkaribisha kiti.

"Nakupa Jumamosi moja," alimwambia. "Watu wakianza kutoka nje, mnafungasha, na sitaki kukuona tena mlangoni kwangu. Wala usiniletee vimkate vya kunilainisha."

"Nilikuwa nimeshavileta," anasema Delphia. "Alivila vyote, lakini neno hakubadilisha hata moja."

Na sasa Jumamosi imefika. Ni saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya kilima, na shule ya zamani imejaa. Kwenye meza ya nyuma kuna sufuria za maharage, mikate ya mahindi, na keki za tabaka zenye matufaha makavu ambazo kila mama anadai yake ndiyo nzuri. Wendell amevaa viatu vinavyong'aa. Kweli gari lake ameliegesha karibu na mlango, mshenzi yule.

Bi Ocie ameketi kwenye benchi la kando. Ana miaka sabini na minne na mgongo ulionyooka. Mkoba ameupakata na koti hajalivua.

"Umeona koti?" Delphia anamnong'oneza Coy.

"Nimeona. Piga banjo, dada, acha koti."

Wimbo wa kwanza unakwenda kwa woga. Wa pili watu wanacheza, lakini macho yao yako jukwaani, kama wageni wanaoonja chumvi. Katika wa tatu kunatokea jambo. Mzee mnene anachelewa kugeuka, yule yule wa miaka sita iliyopita, na Delphia, ambaye hatazami nyuzi zake bali miguu ya watu, anayachelewesha mapigo ya banjo kidogo tu. Gitaa na fidla vinamfuata. Mzee anageuka, anamkuta mwenzake, mikono inashikana, mduara unafunga. Arbie anatazama jukwaani, anatazama wachezaji, kisha anavua kofia yake na kuipachika ukutani, kama mtu aliyeamua kubaki. Ukumbi mzima unapiga yowe.

Ndipo wanaingia kwenye wimbo wa kasi, na ndipo bendi inapofanya kosa lake.

Wimbo wa dansi wa huku hauna mwisho. Unazunguka na kuzunguka hadi mwenye fidla atakaponyanyua mguu mmoja mbele, ndipo wenzake wajue kwamba huo ni mzunguko wa mwisho. Kila mtu hapa analijua hilo isipokuwa Nell, aliyechukua nafasi ya mpiga fidla wa kwanza wakati mashine ndizo zilizokuwa zinamaliza nyimbo. Delphia anamsubiri Nell. Nell anamsubiri Delphia. Coy anawasubiri wote wawili.

"Kila mtu nyumbani kwake!" anaita Arbie, na wachezaji wanarudi mahali walipoanzia, wakihema, wakitabasamu, tayari kupiga makofi.

Muziki hauishi.

Arbie anakunja uso, anaita mzunguko mwingine. Anawarudisha tena nyumbani. Muziki hauishi. Mwongoza dansi haisimamishi bendi, hiyo ni aibu kwake, na mchezaji hatoki wakati fidla inalia labda kama fidla ni mbovu. Hii si mbovu. Hii inachoma! Basi Arbie anaita mizunguko ambayo haijaitwa hapa kwa miaka mingi, mingine akiikumbuka nusu, na watu wanaicheza nusu hiyo hiyo wakipiga mayowe. Wendell uso umekuwa mwekundu kama nyanya.

"Toka nje basi!" mwenzake anamtania.

"Sitoki!" anafoka Wendell. "Nitafia humu humu, mniagie mke wangu!"

Kisha mwanamke mmoja anashikwa na mkazo wa misuli. Anachechemea hadi kwenye benchi na kujibwaga. Mduara wake umebaki na watu saba, na saba hawawezi kucheza. Wanaanza kutazamana. Mmoja anautazama mlango.

"Nilimwona anavyoutazama mlango," Delphia alituambia baadaye. "Nikasema, haya, ndiyo hivyo, yanajirudia."

Bi Ocie anasimama. Anauweka mkoba kwenye benchi. Anavua koti, analikunja, analiweka juu ya mkoba bila haraka yoyote. Chini ya koti ana sweta jekundu. Anaingia kwenye pengo, anampa mkono Wendell, na mama huyo wa miaka sabini na minne anaanza kukanyaga sakafu kwa visigino, ko-ko-ko, mpaka madirisha yanatetemeka.

Delphia analia waziwazi. Banjo haliachi.

Nell ndiye anayeshindwa kuvumilia. Anasogea kwenye kipaza sauti kimoja cha ukumbi na kuuliza, ukumbi mzima ukisikia, "Jamani, nani anamaliza?"

"Wewe!" anapiga kelele Delphia.

"Mimi? Namalizaje?"

"Mguu, Nell! Nyanyua mguu!"

Nell ananyanyua mguu kwa nguvu zake zote. Kiatu kinachomoka, kinapita juu ya vichwa vya watu na kutua kwenye meza ya keki. Mzunguko wa mwisho unachezwa na watu wanaocheka hadi wanashindwa kushikana mikono. Banjo, gitaa na fidla vinakata pamoja, safi kabisa, na kelele zinazofuata mwandishi huyu hajawahi kuzisikia katika bonde hili kwa miaka yote aliyoishi humu.

Hakuna hata mtu mmoja aliyetoka nje.

Arbie sauti imemkauka. "Sijawahi kuishiwa maneno katika ukumbi huu," anakwaruza. "Leo yameniisha. Mje Jumamosi ijayo, na ile nyingine, na ile nyingine. Lakini huyu binti fundisheni mguu!"

Bi Ocie yuko palepale katikati ya ukumbi, anajipepea kwa mkono. Delphia anateremka na banjo shingoni, anasimama mbele yake kama mtoto anayesubiri kuambiwa.

"Mama, siku ile ulitoka."

"Nilitoka, mwanangu. Nilikuwa nataka kucheza."

"Na leo?"

"Leo pia nilikuwa nataka kucheza," anasema Bi Ocie, na kumvuta binti yake kifuani, banjo likiwaumiza wote wawili mbavu.

Mwezi wa Juni, bendi ya Tansy Branch itarekodi santuri mpya humo humo shuleni, kwa kipaza sauti kimoja, watu wakicheza. Fundi wa mjini alipendekeza sakafu itandikwe zulia ili kuzuia kishindo cha miguu. Delphia alimwambia kishindo hicho ndicho ngoma zao, akitandika zulia atakuwa amemfukuza mpiga ngoma.

"Kwenye jalada tutaandikwa sisi watatu," anaeleza, akila maharage akiwa amesimama, bado amefurahi kiasi cha kushindwa kukaa. "Banjo, gitaa, fidla."

"Na mimi?" anauliza Bi Ocie kutoka kwenye benchi.

"Wewe unapiga nini, mama?"

"Si umenisikia? Ukumbi mzima umenisikia." Anainama na kuanza kukaza kamba za viatu, kwa sababu Arbie amekunywa maji na anarudi kuongoza dansi. "Andika, Ocie Stidham, miguu. Na usiniweke wa mwisho."