Mkungu Kwenye Kiti cha Mbele

Pikapu yangu ilishika moto mchana kweupe, tukishuka kutoka rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo nje ya kijiji chetu, upande wa Nshamba. Tulikuwa tumebeba nyasi kavu za kutandaza kibanjani, chini ya migomba na mibuni. Sakafu ya bodi ilikuwa na tundu la kutu ambalo nililijua siku nyingi. Nyasi zikapenya humo hadi zikagusa ekzosi, bomba la moshi lililokuwa la moto. Mama yangu alikuwa amekaa juu ya mzigo, na aliporuka alivunjika kifundo cha mguu. Majirani walikuja mbio na vipande vya mgomba vilivyojaa maji, wakaupiga moto hadi ukazimika. Mimi nilisimama na hasira, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kwa nini mama alikuwa juu? Kwa sababu kiti cha mbele kilikaliwa na mkungu wa ndizi. Tulipanga tukishashusha nyasi twende ukweni kwa kaka yangu, na mkungu wa ukweni haupelekwi umechubuka. Mama ndiye aliyeufunga kwa majani makavu na kuuweka pale. "Mimi sichubuki," alisema akipanda. Nilicheka, na kicheko hicho kinanichoma hadi leo.

Mguu wake ukiwa bado kwenye plasta, nilichora mpango wa kuitengeneza upya pikapu nyuma ya kalenda ya zamani, nikaupeleka Bukoba kwa fundi wa kuchomelea pale Bilele, mtu mzima mwenye asili ya pwani na maneno yasiyoisha. Aliuangalia kidogo tu.

"Dada yangu, ekzosi tuipandishe wima nyuma ya kabini, kama malori. Kimwani ukikuta maji yamefunika njia, wewe unapita tu unapiga honi."

Sikatai, niliutamani huo urembo. Kila mavuno nakwenda Kimwani kupakia mpunga, na maji ya kule nayajua. Lakini nilishaona moto.

"Fundi, mdomo wa ekzosi utakuwa unapumulia nyasi."

"Basi acha kubeba nyasi."

"Na kibanja kitakula nini? Maji nitayazunguka, au nitarudi kesho yake."

Tulilala chini ya gari tukipima kwa kamba. Bomba litokee ubavuni, mbele ya tairi la nyuma, na mdomoni liwe na wavu wa chuma wa kunasa cheche. Juu yake yakae mabati mazito mawili yaliyoachana vidole vitatu ili upepo upite, yafungwe kwa bolti niweze kuyafungua na kusafisha nyasi zilizonasa kila safari. Mtungi wa kuzimia moto ukae ubavuni ambako hata mtu aliye chini anaufikia. Nyuma ya kabini liwekwe benchi lenye vyuma vya kujishikia na mikanda, na juu ya nyasi asikae mtu tena.

"Wakata nyasi wafunge mikanda kwa safari ya dakika kumi?" aliuliza fundi.

"Asiyefunga atatembea kwa miguu."

Tundu la sakafu alitaka kulitia kiraka. Nikasema hapana, sakafu yote ing'olewe. Akaniambia nina kichwa kigumu. Nikamwambia ndicho nilichokuja nacho.

Kazi ilipokwisha nilipakia nyasi, nikapanda na kushuka kilima cha rweya mara tatu, kisha nikaingiza mkono chini ya mzigo hadi sakafuni. Palikuwa na vuguvugu tu. Mama alikuja na mkongojo wake, naye akaingiza mkono, akauacha humo muda mrefu.

Tulishusha nyasi, tukajiandaa kwa ile safari ya ukweni iliyokatika. Mama alikuwa ameshafunga mkungu mwingine. Akaufungua mlango wa mbele na kuniashiria niuweke kitini.

Niliubeba, nikaufunga nyuma kwenye bodi.

"Utachubuka," alisema.

"Acha uchubuke, mama. Panda."

Nilimfunga mkanda kwa mikono yangu. Mkungu ulifika umechubuka upande mmoja, na mama aliwaeleza wakwe, mbele yangu, kwamba si yeye aliyeuweka nyuma. Nikasema ni kweli, ni mimi.