Kaunta Iliyosimama, Fundi Aliyekaa

Kijijini walisema diploma ya ujenzi niliyorudi nayo kutoka Dubai haiwezi kujenga hata banda la kuku. Kazi yangu ya kwanza ikawa jiko la mama mmoja wa mji mdogo wa Wamagana, ambaye chama chao cha akina mama kina desturi: mmoja akijenga kitu kizuri, wote hukijenga. Angekataa kazi yangu, ningerudi kuchuma majani chai.

Niliikalisha kaunta ya mawe juu ya kuta tatu, nikamwambia inabeba ng'ombe.

"Ng'ombe hatapanda hapo kufunga pazia, mtu ndiye atakayepanda," alisema mbele ya wenzake. "Panda wewe, fundi. Lakini vua viatu, nimepiga deki."

Nilipanda na soksi. Kwa kujiamini nikaruka mara mbili, na mara ya pili nikateleza nikakalia ukingo wa sinki kwa kishindo.

Mama aliinama kutafuta ufa, akakosa. "Kaunta iko sawa. Diploma ndiyo imeanguka."

Siku hiyo wenzake waliagiza kaunta tisa na kulipa nusu ya bei. Kesho yake niliwalipa wote walionikopesha nauli ya kwenda Dubai. Katika kila nyumba nilipewa kiti na chai, nami nikanywa nimesimama, nikisema mtu mwenye kazi nyingi hakai.